Kabla ya kuzamia pangoni, chuja marafiki

Kuna kijana wa Mombasa ameniandikia: “Kaka, mimi na washikaji tuna vyeti vya kuzamia, bahari ya Diani na Watamu tumeimaliza. Tunakuja Florida, tunataka wikiendi moja kwenye mapango unayoweka picha zake. Tubebe nini?”

Msibebe kitu, mdogo wangu, kwa sababu hamwingii. Baharini mambo yakiharibika unapanda juu taratibu. Pangoni, juu ni mwamba, na mlango ni ule ule ulioingilia. Pale Ginnie Springs, chemchemi zenye mapango karibu na mji wa High Springs, kuna bango chini ya maji lenye picha ya mifupa iliyovaa joho na kushika mundu. Linakwambia geuka, na kwamba hata walimu wa kuzamia baharini wamefia mapangoni. Kwa vyeti vyenu nendeni Ginnie Ballroom, hapo hapo jirani: ukumbi mpana, mwanga wa nje unaonekana, na njia ya kwenda ndani imezibwa kwa nondo. Pigeni picha mridhike. (Na nyinyi wa Zanzibar mnaonitumia picha za pango la Kuza, Jambiani: kuogelea ndani ya pango kuna raha yake, nimeionja, lakini ni mambo mawili tofauti.)

Siku mkishasomea mapango, hatua kwa hatua kama inavyotakiwa, ndipo mje tuzungumze kuhusu washikaji. Hilo ndilo limenikaa kooni.

Tulikuwa watatu, tumetoka Atlanta usiku. Jumamosi tukaingilia Devil's Ear, mlango wa pango hapo hapo Ginnie, ulioko chini ya mto Santa Fe. Maji ya mto ni ya kahawia, ya chemchemi ni kama hakuna maji kabisa. Ukishateremka ukiangalia juu, jua linakujia limepita kwenye chai ya rangi. Chemchemi inasukuma kwa nguvu, kwa hiyo huogelei, unajivuta mwamba kwa mwamba kwa vidole. Nyuzi joto 22 mwaka mzima. Mtu wa Likoni anatetemeka, lakini anatetemeka kwa furaha.

Tulikuwa tumeshaifuata kitambo kamba kuu, ile inayoonyesha njia ya kutoka, karibu mita 30 chini, tochi yangu kubwa ikapepesa mara mbili, ikazima. Nikawasha ya akiba, nikainua dole gumba. Huko chini dole gumba si “poa”, ni “tunatoka”. Mmoja akarudisha dole hapo hapo. Mwingine akabaki ananiangalia, akanyoosha vidole viwili: bado unazo mbili.

Nikainua tena. Akageuka kwa unyonge, mapezi yake yakagusa sakafu, na lile tope laini likapanda. Nikaikamata kamba mkononi na kutoka nayo hivyo hivyo mpaka maji yalipotakata.

Nje hakusema neno mpaka tumevua suti. Kisha: “Umetuharibia wikiendi kwa ajili ya tochi moja.”

Sasa nisikilizeni. Tochi tatu hazibebwi ili moja ikifa uendelee na mbili. Zile mbili ni za kukutoa. Hewa nayo ni hivyo hivyo: ukianza na bar 210 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini), unatumia 70 kwenda, na geji ikisoma 140 unageuka, hata kama chumba kizuri kuliko vyote kiko mita tano mbele. Theluthi ya pili ya kurudi, ya tatu ni ya siku mwenzako atakapoishiwa. Na mnageuka kwa yule aliyefika kwanza kwenye kipimo chake, si kwa mwenye mapafu ya samaki. Akiba haiozi, wazee wetu walisema, nasi tunaona haya ikirudi nyumbani haijaguswa!

Tena dole haliulizwi. Tochi, baridi, moyo umekataa tu, yote ni sababu tosha, na mwenye dole hadaiwi maelezo chini wala juu. Rafiki anayenuna kwa sababu umemtoa pangoni mzima, kesho mwingine ataogopa kuinua dole mbele yake. Huyo nendeni naye harusini, nendeni naye mpirani. Pangoni hapana. Vijana wa pwani tuna ubishi mtamu sana barazani. Uacheni huko huko barazani.

Jumapili usiku akanitumia ujumbe akitaka nimrudishie pesa ya petroli na ada ya kuingia. Nikamlipa yote. Sisi wawili tunarudi mwezi ujao na nafasi ya tatu iko wazi: mwenye cheti cha pango na tochi tatu zenye chaji aniandikie, petroli juu yangu.