Kabla hujaandika "mabaki"

Juzi binti mmoja anayeanza kazi ya kutafsiri kaniandikia: "Kaka, 'remains' si mabaki tu? Mbona mteja kanirudishia kazi?" Ujumbe ule nimeusoma mara nne. Ningejiuliza swali hilo miaka sita iliyopita, kuna familia isingelia mara mbili.

Niliipokea barua usiku, kurasa mbili, ikitakiwa asubuhi. Kampuni inayosafirisha marehemu ilikuwa inawaandikia ndugu wa mtu aliyefia ugenini. Nilihangaika na istilahi za hospitali na za forodha, nikazipata zote, nikajisifu moyoni. Neno moja lililojirudia mara saba sikulihangaikia hata kidogo, kwa kuwa nililijua tangu shule. "The remains will be released on Thursday." Nikaandika: "Mabaki yatakabidhiwa Alhamisi." Nikatuma, nikalala.

Mchana wake akanipigia kaka wa marehemu. Namba yangu ilikuwa chini ya tafsiri. Mtu mzima, sauti imemkauka. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika barua hii? Niambie ukweli, ndugu yetu kaharibika kiasi gani?"

Sikumwelewa. Marehemu alifia usingizini, mwili hauna hata mkwaruzo. Ikabidi niisome barua upya, safari hii kama walivyoisoma wao. Kwa Kiswahili, mabaki ya mtu ni kile kinachookotwa baada ya moto mkubwa au ndege kuanguka. Mama mzazi alikuwa ameshaambiwa kwamba jeneza halitafunguliwa.

Kampuni ilinitupia mimi lawama zote, ilhali haikutaka kulipia hata mtu wa pili wa kuipitia tafsiri. Hilo bado linaniuma. Lakini neno nililiandika mimi.

Asili ya neno "remain" ni Kilatini: "manere", kukaa, na "re", nyuma. Ni kile kinachokaa nyuma vingine vikiondoka. Kama kitenzi halina shida. Waingereza walilikuta kwenye karatasi ya kura tarehe 23 Juni 2016, walipoulizwa kama nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke. Mtego uko kwenye nomino. Kwa maana hii Kiingereza huitumia kwa wingi siku zote, hata marehemu akiwa mmoja, na mwili mzima. Wewe ukiufuata wingi huo, "yatakabidhiwa", umeshamkata mtu vipande.

Kiingereza kimelitwika neno hilo mizigo ambayo Kiswahili kimeigawa. Chakula kilichobaki sahanini ni makombo, kikilala ni kiporo. Majengo ya kale yaliyobomoka ni magofu. Viumbe waliogeuka mawe ni visukuku. Mwili uliochomwa, majivu. Mwandishi akifa akaacha kazi zisizochapishwa, Waingereza huziita "literary remains", nasi tunasema maandishi aliyoyaacha. Na "it remains to be seen" haina mabaki yoyote ndani yake: tusubiri tuone. Aliyefariki juzi ni mwili wa marehemu, na wengi wetu tungesema tu marehemu.

Kwa hiyo, binti yangu, jiulize kwanza: kilichobaki ni nini? Usianze na kamusi. Kamusi itakupa "mabaki" na haitadanganya, ila haijui kama mbele yako kuna sahani, ukuta au mzazi wa mtu. Kilichobaki ni nini, na nani atakisoma? Siku hizi nauliza hivyo kwa kila sentensi, na nasema bila aibu kwamba kazi zangu hazirudi. Vijana mnakesha na maneno magumu. Kesheni na mepesi! Neno gumu litakusimamisha lenyewe. Jepesi linakupita huku umejiamini. Nitumie ukurasa wote uliorudishiwa, si sentensi moja, tuutazame pamoja.

Yule mzee sikumwomba radhi kwanza. Nilimwomba anisikilize, nikamsomea barua nzima kwenye simu, taratibu, nikirekebisha kwa kalamu kila nilipofika: mwili wa marehemu, mwili wa marehemu, mara zote saba. Nilipomaliza alikaa kimya. Kisha nikamsikia akimwita mtu wa chumba kingine.

"Mwambieni mama atamwona."