Robo ya kwanza ziada, robo tatu nakisi: je, serikali ya kisiwa inatapanya fedha?

Swali: Shikamoo mhasibu. Niko mwaka wa pili wa diploma ya uhasibu hapa Mbeya, naishi Uyole. Mwalimu ametupa kazi ya kundi: kusoma taarifa za mapato na matumizi za kila robo mwaka za serikali ya Cayman Islands. Tunaona robo ya kwanza wana ziada kubwa, halafu robo ya pili, ya tatu na ya nne zote ni nakisi, yaani matumizi yamezidi mapato. Wenzangu wanasema serikali hiyo inaanza kutapanya ikifika Aprili. Mmoja amechukua mapato ya robo ya kwanza akazidisha mara nne ili apate ya mwaka mzima. Naona kuna kitu hakijakaa sawa ila nashindwa kukieleza. Makisio ya mwaka tuyapateje?

Jibu: Marahaba. Huyo aliyezidisha mara nne mwambie apande daladala hadi Mwanjelwa, amkute mama anayeuza mchele wa Kyela, amuulize kama mauzo yake ya Julai ndiyo mauzo ya Februari. Atachekwa, lakini atarudi na jibu.

Nilifanya kazi miaka mingi katika idara ya fedha ya halmashauri moja ya huku Nyanda za Juu Kusini, na kosa hilo nililiona likifanywa na watu wazima wenye suti. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1. Mpunga umeshavunwa, malori yanapita kwenye vizuizi, ushuru wa mazao unaingia. Taarifa ya robo ya kwanza, yaani Julai hadi Septemba, ilikuwa inapendeza kuisoma mbele ya kamati ya fedha. Mwaka mmoja waheshimiwa wakaona neema, wakapitisha matumizi ambayo hayakuwa ya haraka. Ilipofika Februari, mvua imeshika, shambani hakuna cha kuuza, gari la idara ya afya lilikaa wiki mbili bila mafuta. Hakuna aliyeiba. Tuliisoma robo kana kwamba ni mwaka uliokatwa vipande vinne vilivyo sawa.

Sasa twende Cayman. Ni visiwa vitatu katika bahari ya Karibi, himaya ya ng'ambo ya Uingereza, makao makuu yakiwa George Town. Watu wake hawafiki laki moja. Hawatozi kodi ya mapato, iwe ya mshahara au ya kampuni. Serikali inaishi kwa ushuru wa forodha, kwa kuwa karibu kila kitu kinaingia kwa meli, kwa ada za vibali vya kazi, ushuru wa stempu kwenye mauzo ya ardhi, kodi ya malazi ya watalii, na kwa fungu nono kuliko yote: ada za kampuni na mifuko ya uwekezaji iliyosajiliwa pale.

Kiini cha swali lako kimo kwenye hizo ada. Mwaka wao wa fedha ni Januari hadi Desemba. Ada ya mwaka ya kampuni inadaiwa Januari, na mwisho wa kulipa bila adhabu ni Machi 31. Ukilipa kati ya Aprili na Juni unaongezewa theluthi moja ya ada. Julai hadi Septemba ni theluthi mbili. Oktoba hadi Desemba unalipa ada na nyingine kama hiyo juu yake. Kwa ratiba ya namna hiyo, mwenye akili timamu halipi Mei. Basi fedha ya kuendesha serikali miezi kumi na miwili inamwagika ndani ya miezi mitatu. Mishahara ya walimu, polisi na wauguzi haina msimu, inatoka kila mwezi. Robo ya kwanza lazima iwe na ziada, na robo zinazofuata lazima ziile ziada hiyo. Wenzako wameona nakisi ya Aprili wakadhani serikali imeanza kutapanya, kumbe kilichobadilika ni upande wa mapato. Matumizi yako karibu palepale.

Nikuwekee namba. Hizi ni za mfano tu, nimezitunga ili hesabu ionekane, usizinukuu kama za Cayman. Mwaka jana mapato yalikuwa 400 robo ya kwanza, kisha 210, 180 na 210. Jumla 1,000. Matumizi yalikuwa 230, 240, 240 na 260. Jumla 970. Ukitoa robo kwa robo unapata ziada ya 170, halafu nakisi ya 30, 60 na 50. Mwaka umefungwa na ziada ya 30. Robo tatu kati ya nne zina nakisi, na bado ni mwaka mzuri.

Mwaka huu robo ya kwanza imeleta 408. Kwa njia ya mwenzenu, mwaka mzima ni 1,632. Hiyo ni ndoto. Njia ya kwanza iliyo sahihi ni kuuliza: mwaka jana robo ya kwanza ilibeba asilimia ngapi ya mwaka? Asilimia 40. Gawanya 408 kwa 0.40, unapata 1,020. Ukiweza, chukua wastani wa miaka mitatu au minne, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa na vituko vyake.

Lakini usiishie hapo. Fungua jumla uangalie chanzo kimoja kimoja. Tuseme katika zile 400 za mwaka jana, 260 zilikuwa ada za kampuni, na ada za mwaka mzima zilikuwa 290. Vyanzo vingine vyote vilileta 140 robo ya kwanza na 710 kwa mwaka. Mwaka huu ada ni 251 na vyanzo vingine 157. Ukikisia kila kimoja peke yake, ada zitafika kama 280 na vingine kama 796. Jumla 1,076. Tofauti na ile 1,020 ni 56, na sababu yake inafundisha: jumla ya robo imekua kwa asilimia 2 tu, lakini ndani yake ada zimeshuka huku vyanzo vingine vikipanda kwa asilimia 12. Ada zikiwa nyingi robo ya kwanza, zinafunika kinachotokea kwingine. Mkaguzi mzuri ataanza kuuliza kwa nini ada zimeshuka: je, kuna kampuni zilizofutwa? 

Na hapo hapo kuna mtego. Pasaka inahama. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 ikawa Aprili 20. Kwa kisiwa kinachopokea watalii, wiki ya Pasaka ikihama kutoka robo moja kwenda nyingine, mapato ya malazi yanahama nayo. Kwa hiyo ile asilimia 12 yangu inaweza kuwa ukuaji wa kweli, au ni Pasaka imewahi. Kabla ya kuandika neno "ukuaji" kwenye kazi yenu, fungueni kalenda.

Kuna njia nyingine naipenda kwa sababu haihitaji kukisia chochote: jumla ya robo nne zinazofuatana. Chukua robo tatu za mwisho za mwaka jana, 210, 180 na 210, jumlisha 408. Unapata 1,008. Kila robo mpya ikija, unaiingiza na kuitoa ile ya zamani. Msimu unajifuta wenyewe, kwa sababu kila jumla ina Januari moja na Desemba moja. Ukichora mstari wa namba hizo kwa miaka mitano utaona mwelekeo ambao grafu ya robo moja moja, yenye mabonde na vilele kama barabara ya kushuka Tukuyu, haiwezi kukuonyesha. Kasoro yake ni kwamba inachelewa kustuka. Jambo likiharibika leo, robo tatu za zamani zitalificha kwa muda.

Matumizi nayo hayako sawa kabisa. Mishahara imetulia, lakini miradi ya ujenzi huanza polepole. Zabuni, mikataba, halafu ankara zinarundikana mwisho wa mwaka. Robo ya nne ikipanda kidogo usishangae. Ikipanda sana, waulize kama ankara za robo ya tatu zilikaa mezani.

Jambo la tatu ni msingi wa hesabu. Cayman wanatumia hesabu za stahiki, yaani mapato yanaandikwa pale haki ya kudai inapozaliwa, hata kama hela haijaingia benki. Kwa hiyo ziada ya robo ya kwanza si lazima iwe fedha iliyoko mkononi. Fungua ukurasa wa mtiririko wa fedha, kisha angalia wadaiwa, yaani wanaodaiwa na serikali, kwenye mizania, lile jedwali la mali na madeni. Mapato yakiwa makubwa na wadaiwa nao wamevimba, serikali imeandika ada ambazo bado inazifukuzia. Vilevile kwenye matumizi mtakuta uchakavu wa majengo na magari, ambao hautoi senti benki robo hiyo. Jambo hili linawachanganya wanafunzi wengi kuliko msimu, na nahisi ndilo mwalimu wenu analolivizia.

Kundi lenu likitaka kujua kama serikali hiyo inajibana au inatapanya, nakisi ya robo ya pili haiwezi kuwaambia. Angalieni akiba. Novemba 2011 Cayman na Uingereza walikubaliana mfumo wa nidhamu ya fedha, ukaingizwa kwenye sheria ya visiwa hivyo mwaka 2012. Una vipimo vitatu: deni halisi lisizidi asilimia 80 ya mapato ya serikali kuu, gharama za kuhudumia deni zisizidi asilimia 10 ya mapato hayo, na akiba ya fedha itoshe matumizi ya siku 90. Kwa mfano wangu, siku 90 za matumizi ya 970 ni kama 239. Ukipima akiba Machi, kila serikali ya huko itaonekana tajiri. Ipime Desemba, pale robo tatu zimeshaila ziada yote na ada za Januari hazijaja. Hapo ndipo utajua.

Mnaweza kuwauliza wenzenu pia kuhusu Machi 2020, janga la korona lilipoingia. Meli za kitalii zilisimamishwa katikati ya mwezi ule, na uwanja wa ndege ukafungwa kwa abiria wa kawaida Machi 22. Lakini wakati huo kampuni nyingi zilikuwa zimeshalipa ada. Ukisoma robo ya kwanza peke yake, huoni ukubwa wa janga lililokuwa mlangoni. Aliyezidisha mara nne mwaka ule alikosea mara mbili kwa mpigo.

Mkilinganisha na visiwa vingine, kwanza ulizeni mwaka wao unaanza lini na bili yao kubwa inadaiwa lini. British Virgin Islands nao wanategemea ada za kampuni, ila zao zinadaiwa mara mbili kutegemea kampuni ilisajiliwa miezi ipi: mwisho wa Mei na mwisho wa Novemba. Vilele vyao viko robo ya pili na ya nne. Bermuda mwaka unaanza Aprili, Guam unaanza Oktoba. "Robo ya kwanza" ni jina tu. Hata Cayman wenyewe zamani walianza Julai kama sisi. Wakahamia Januari kwa kutumia bajeti moja ya miezi 18, kuanzia Julai 2016 hadi Desemba 2017. Basi mkikuta jedwali linaloweka robo ya kwanza ya 2015/16 kando ya robo ya kwanza ya 2018, moja ni Julai hadi Septemba na nyingine ni Januari hadi Machi. Panga kwa miezi.

Wala usidhani sisi hatuna vilele. Wenye biashara wanaofunga hesabu Desemba hulipa kodi ya mapato ya makadirio kwa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Ndiyo maana makusanyo ya TRA ya mwezi wa mwisho wa robo huwa yanaruka juu ya miezi miwili iliyotangulia. Tofauti ni kwamba sisi awamu hizo zimesambazwa mwaka mzima, wao wamezirundika sehemu moja.

Mwisho, angalieni jedwali linahusu nani. Taarifa zao hutenganisha serikali kuu na sekta nzima ya umma, ambayo inaingiza mashirika kama shirika lao la ndege. Mkichukua mapato upande mmoja na matumizi upande mwingine, nakisi mtakayoipata mtakuwa mmeitengeneza wenyewe. Na kama mmebadili kwenda shilingi, hakikisheni mmetumia dola ya Cayman. Dola moja yao ni dola 1.20 za Marekani. Aliyetumia bei ya dola ya Marekani moja kwa moja amepunguza kila namba kwa moja ya sita, mapato na matumizi pia, na ziada zote zimekuwa ndogo kuliko zilivyo.