Ukianza kusahau, Mama, utatuambia?

Mwanangu mpendwa,

Swali lako la Jumapili nililikwepa, nawe ulijua. Tulikuwa tukimzungumzia kocha Pat Summitt, ukaniuliza ghafla: "Mama, ukianza kusahau kama yeye, utatuambia au utaficha?" Nikasingizia simu inakatika. Leo nakujibu kwa kalamu.

Wewe uliyecheza mpira wa kikapu unamjua kwa vikombe vyake: mara 8 bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani, michezo 1,098 aliyoshinda na timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Mimi namkumbuka zaidi alivyoanza. Mwaka 1974, binti wa miaka 22, mshahara dola 250 kwa mwezi, anaendesha gari la timu na kufua jezi za wachezaji mwenyewe. Akakaa hapo misimu 38.

Sasa fikiria kazi ya kocha. Saa inakwenda, wasichana watano wamekukodolea macho, na wewe useme mara moja wacheze vipi. Yeye akaanza kupapasa, mbinu aliyoifundisha mwenyewe haimjii. Mwanzoni alidhani ni dawa za baridi yabisi, maana alikuwa nayo tangu 2006. Akaenda kupimwa hospitali ya Mayo Clinic, akaambiwa ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, aina ile inayomshika mtu kabla hajafika miaka 65. Agosti 2011, ana miaka 59, akautangazia ulimwengu kwa kinywa chake.

Angeweza kustaafu kimyakimya, akasingizia uchovu, na nani angemlaumu? Badala yake akafundisha msimu mmoja zaidi, wasaidizi wake wakibeba sehemu kubwa ya kazi, kisha mwaka 2012 timu ikaenda kwa Holly Warlick, aliyekuwa mchezaji wake na msaidizi wake wa miaka mingi. Akaanzisha na mfuko wa kupambana na ugonjwa huo. Alifariki Juni 28, 2016, akiwa na miaka 64. Tangu atangaze haikutimia hata miaka mitano, mwanangu. Kama angetumia miwili kuficha, angebaki na nini?

Nikwambie sasa kwa nini nilikwepa. Bibi yako hakuwa na presha kama tulivyowaambia watu. Siku moja niliingia chumbani kwake, akafumba mkono wa kushoto upesi, kama mtoto aliyeiba. Nikadhani ameumia. Nikaufungua taratibu, kidole kimoja kimoja. Kiganjani alikuwa ameandika jina langu kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, zimeanza kufutika kwa jasho.

Aliniangalia, nikamwangalia, na hakuna aliyesema neno. Nikaufumba tena ule mkono, nikatoka.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kusahau kwake silaumu, ni maradhi. Lakini siku ile alikuwa bado anajua kwamba anasahau. Angeweza kuniambia anataka akae kwa nani, nani ashike mambo yake, nini kinamtia hofu usiku. Sisi tukaona aibu, tukamwachia aibu yake aibebe peke yake. Tulipokuja kumuuliza, majibu yalikuwa yamekwisha. Wajomba zako waligombana miaka mitatu juu ya mambo ambayo mwenyewe angeyamaliza kwa sentensi moja.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Nitakuambia, na nitakuambia mapema, hata kama ni wasiwasi tu, maana kusahau kuna sababu nyingi na nyingine zinatibika. Lakini huenda wewe ukaona kabla yangu. Nikirudia hadithi ileile mara ya tatu, nikipotea njia ninayoipita kila siku, usiende kunong'ona na kaka yako jikoni. Njoo ukae karibu yangu, uniambie mimi. Nitakasirika, pengine nitakufukuza. Rudi kesho yake, unipeleke hospitali.

Ukija likizo uje na daftari. Nitakutajia ninavyotaka, uandike, kaka yako ashuhudie, nami nitie sahihi mkono ungali unajua jina langu.

Mama yako