Kujenga mandhari ya mji wa Lamu kwa modeli za kupakua

Ukiandika "Arab town" au "Mediterranean village" kwenye tovuti za modeli za 3D, utaletewa mamia ya majumba ya kupendeza, na karibu yote hayafai kwa Lamu. Yana kuba, vigae vyekundu na barabara za kupitisha magari. Nyumba ya mawe ya Lamu imeupa mtaa mgongo: ukuta mrefu wa chokaa, madirisha machache, daka (kibaraza cha mlangoni), mlango wa nakshi, basi. Zidaka (vishubaka vya ukutani) na kiwanda (ua wa nyumba) vimo ndani. Kwa mji huu, basi, kuta zijenge mwenyewe, kisha pakua vile vinavyokula muda kuvichonga: milango, vyombo vya baharini, minazi, punda, na tekscha (picha za kuvalisha nyuso) za mawe na mbao. Anayepakua nyumba nzima hutumia muda mwingi kuondoa visivyohusika kuliko ambao angetumia kuinua ukuta mpya.

Maelezo haya ni ya Blender, programu ya kuunda modeli na picha za 3D, kwa kuwa ni ya bure na inafungua faili za modeli za GLB, FBX na OBJ. Mwenye programu nyingine atafuata hatua zilezile kwa majina tofauti.

Vipimo kabla ya kupakua

Lamu inapimwa kwa boriti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki nafasi pana bila kupinda. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake karibu mita 2.5 hadi 3. Kuta za mawe ya matumbawe zina unene wa sentimita 40 hadi 60, na vichochoro vingi ni vya mita 1 hadi 2.5. Ukishika vipimo hivi, nyumba itafanana na ya Lamu hata kabla ya kuipaka rangi. Ukivikosea, nakshi haitaiokoa.

Weka vipimo vya Blender kuwa Metric, Unit Scale 1, halafu utengeneze mchemraba wa urefu wa mita 1.7 uuite "mtu". Kila kinachoingia kisimamishwe kando yake. Amua pia tangu mwanzo kwamba mhimili wa Y ni kaskazini. Hilo si jambo dogo: kutoka Lamu, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo mihrabu ya kila msikiti wako itaelekea Y. Msikiti uliopakuliwa na kutupwa popote penye nafasi utaonekana mgeni kwa yeyote anayeujua mji.

Michoro ya misingi ya nyumba inapatikana OpenStreetMap, na nyongeza ya Blosm huiingiza moja kwa moja. Itumie kama ramani ya kufuatia njia tu, maana nyumba zilizoshikana huweza kuchorwa kama kipande kimoja na urefu wake usiandikwe. Data za mwinuko za setilaiti zenye pikseli ya mita 30 hazisaidii kitu hapa. Eneo la mji wa kale lililoandikishwa UNESCO mwaka 2001 ni hekta 16 hivi. Usijaribu kulijenga lote. Mita 60 za ukingo wa bahari na kichochoro kimoja kinachopanda mjini zinatosha picha nyingi.

Pa kutafuta, na leseni

Tekscha za chokaa, mawe na mbao kavu chukua Poly Haven na ambientCG, ambako vyote viko chini ya CC0, leseni ya Creative Commons (CC) inayoruhusu matumizi yoyote. Milango, vyombo na wanyama tafuta Sketchfab, ukichuja kwa zinazopakulika. Kwa kujifunza maumbo, angalia kazi za Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliopima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa skana ya leza.

Soma leseni kabla ya kubonyeza. CC BY inakutaka umtaje aliyeunda. NC inakataza biashara. ND ndiyo inayowanasa wengi: huruhusiwi kusambaza kazi uliyoibadilisha, na sisi hapa shughuli yetu yote ni kubadilisha. Iache, hata kama mlango ni mzuri kiasi gani. Ukitumia data za OpenStreetMap, taja chanzo chake. Weka faili moja ya maandishi ndani ya folda ya mradi, na kila unapopakua andika jina la modeli, mwenye nayo, kiungo, leseni na tarehe. Kurudi kutafuta hayo baada ya miezi ni kazi ngumu, na kurasa hufutwa.

Modeli ikiingia

Kosa la kwanza huwa ukubwa. FBX nyingi huandikwa kwa sentimita na OBJ haibebi kipimo chochote, kwa hiyo jahazi linaweza kuingia likiwa na urefu wa mita 1,500 au la kuweka mfukoni. Bonyeza N, soma Dimensions, rekebisha, kisha Ctrl+A na uchague Rotation & Scale. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, Bevel (kulainisha pembe) itatoka na upana usio sawa kwa kila upande, kwa sababu programu bado inakumbuka ukubwa wa zamani.

Kisha washa Face Orientation. Nyuso nyekundu zimegeuka ndani nje, zichague, Shift+N. Unganisha nukta pacha kwa M, Merge by Distance, ukianzia milimita 0.1. Mwisho kagua tekscha: ramani ya normali (picha inayoigiza mabonde na miinuko ya uso) lazima iwekwe Non-Color, na ikiwa nakshi inaonekana imezama mahali pa kutokeza, imetengenezwa kwa mtindo wa DirectX. Blender hutumia wa OpenGL. Geuza chaneli ya kijani na tatizo limekwisha.

Mlango

Hapa ndipo pa kutumia muda, kwa kuwa macho ya mtazamaji yatatua hapo. Utakuta skana nyingi (modeli zilizonaswa kutoka kitu halisi) za milango ya Unguja. Yenye tao juu na misumari mikubwa ya shaba ni ya Unguja zaidi. Kwa Lamu chagua yenye kizingiti cha juu kilichonyooka. Kama skana ilipigwa juani, kivuli cha siku ile kimeshachapwa kwenye rangi na kitapigana na jua lako, hivyo tafuta iliyopigwa chini ya mawingu.

Skana ya pembetatu milioni 1 ni nzito mno kwa mlango mmoja. Nakili, moja iite mzito, nyingine mwepesi. Kwenye mwepesi weka Decimate (kupunguza pembetatu) ya 0.02, ubaki na pembetatu 20,000. Kata sakafu iliyoshikana na mlango kwa Bisect. Fungua UV (utandaze uso uwe bapa ili upokee picha), tengeneza picha mpya ya pikseli 2048, iweke Non-Color, kisha ndani ya Cycles, injini ya Blender ya kurenda (kutoa picha ya mwisho), chapa ramani ya normali kutoka mzito kwenda mwepesi kwa Selected to Active, Extrusion (umbali ambao miale huanzia nje ya uso) ikiwa mita 0.02. Mabaka yasiyo na nakshi yanamaanisha Extrusion ni ndogo, miale haikufika. Nakshi ya upande mwingine ikijitokeza mahali pasipo pake, umezidisha. Rangi ya skana nayo ichapwe kwa njia hiyohiyo kwenye picha ya pili.

Sehemu ya juu ya kizingiti cha juu mara nyingi huwa imevurugika, kwa sababu mpigaji alisimama chini na kamera haikuiona. Ifute, uweke ubao mpya wa mchemraba.

Ukitaka mlango ufunguke, tenganisha bao mbili za mlango. Mfaa, ule mti wa wima wa katikati, umeshikamana na bao moja tu. Ukiukata katikati umeharibu mlango. Milango ya zamani haina bawaba za chuma. Huzunguka kwa vigingi vya mbao vilivyoingia kwenye vizingiti vya juu na chini, na hufunguka kwa ndani. Weka Origin (nukta ya kuzungukia) ya kila bao kwenye kona ya kigingi na mzunguko utakuwa sahihi.

Kuta na daka

Ukuta ni mchemraba, lakini usiuache mchemraba. Ugawe kwa kila sentimita 30, weka Displace (kusukuma uso) yenye Clouds kwa nguvu ya 0.03, kisha Bevel ya sentimita 3 kwenye pembe. Chokaa ya mkono haina ncha kali. Merge by Distance itangulie, la sivyo pembe zitapasuka, kwani kila upande utasukumwa njia yake. Daka lijenge kwa kuingiza ukuta ndani mita 1 hivi mbele ya mlango, na baraza mbili za pembeni zenye kimo cha sentimita 45 na kina cha 50.

Mwangaza wa rangi ya chokaa usizidi 0.75 hadi 0.8. Ukiweka 1.0 ukuta utang'aa kama taa na umbile lote litapotea juani. Kwa mita 1 ya chini changanya tekscha ya mawe ya matumbawe kwa kutumia Noise na kimo, maana unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini na plasta hubanduka kuanzia huko.

Minazi, makuti na kumbukumbu ya kadi

Modeli nyingi zinazoitwa "palm" ni mitende au miti ya mapambo ya hotelini. Mnazi una shina jembamba lenye makovu ya pete, limevimba kidogo chini na aghalabu limepinda; makuti yake yana urefu wa mita 4 hadi 6. Mitatu tofauti inatosha msitu mzima ukiizungusha na kuibadili ukubwa. Nakili kwa Alt+D, usitumie Shift+D: Alt+D hutumia umbo moja kwa nakala zote.

Vibanda vya makuti juu ya mapaa bapa vitake mwinuko wa nyuzi 40 hadi 45, na makuti yapangwe safu kwa safu yakilaliana, ncha zikining'inia. Tekscha ya paa la nyasi la Ulaya huonyesha mabua marefu yaliyobanwa, na haifanani hata kidogo.

Tekscha moja ya 4K hukalia takriban MB 64 kwenye kumbukumbu ya kadi ya picha ya kompyuta ikiwa haijabanwa. Modeli yenye ramani nne ni MB 256, na modeli 20 ni zaidi ya GB 5. Ndiyo sababu kurenda hufa ghafla hata kama pembetatu ni chache. Punguza ziwe 2K, na kila moja itashuka hadi MB 16. Pikseli 512 kwa mita zinatosha vilivyo karibu na kamera. Vya mbali, 128.

Jahazi, jua na maji

Modeli yenye shetri (sehemu ya nyuma) ya juu yenye nakshi na madirisha ni bagala ya Ghuba, haifai kupangwa safu nzima kwenye ukingo wa Lamu. Chukua yenye mwili mfupi na wa wazi, ondoa mlingoti wa pili kama upo, uinamishe mlingoti uliobaki kidogo kuelekea mbele. Gubeti (sehemu ya mbele) la jahazi la Lamu husimama wima zaidi kuliko la Unguja. Chagua nukta za mbele na uzisogeze ukiwasha Proportional Editing ili mbao zifuate. Tanga bapa lifute. Weka uso mpya uliogawanywa mara 40 kwa 40, ufunge ukingo wa juu kwenye foromali (mti unaoshika tanga) kwa kundi la Pin, kisha Cloth (uigaji wa kitambaa) na Wind, ukiongeza nguvu kidogo kidogo hadi tanga lijae. Upepo uwe mmoja kwa vyombo vyote, kusi au kaskazi, na vilivyotia nanga vielekeze gubeti upande mmoja.

Mji umeelekea mashariki, ng'ambo ya mlango wa bahari kuna Manda. Kwa hiyo jua huchomoza upande wa maji, na jioni ukingo wa bahari umo kivulini. Ukitaka machweo juu ya bahari, jenga Mji Mkongwe wa Unguja. Kwenye nyongeza ya Sun Position andika latitudo -2.27, longitudo 40.90, saa za eneo +3. Adhuhuri jua haliteremki chini ya nyuzi 64 mwaka mzima, kwa hiyo vivuli virefu vya mchana vinavyokuja na picha za anga za Ulaya havina nafasi. Saa 3 asubuhi ndiyo bora kwa kichochoro: nusu ya juu ya ukuta inawaka, chini kuna ubaridi.

Maji yawekee vimo viwili vya mchoro. Wakati wa bamvu (maji makuu) tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 3 hivi, kwa hiyo ukuta wa gati uwe na kimo cha kutosha na uwe na ukanda wa kijani na mweusi hadi pale maji yanapofika yakijaa. Maji yakipwa, baadhi ya mashua ziinamie ubavu kwenye matope.

Mwisho angalia ndani ya kila chombo kwa juu. Uso wa maji hupita moja kwa moja katikati ya mwili wa jahazi, na utaliona limejaa bahari. Tengeneza umbo jepesi lililozibwa linalofuata upande wa ndani wa mbao, lifiche lisirendwe, kisha uweke Boolean ya Difference (kukata umbo moja kwa jingine) kwenye uso wa maji kwa kila chombo. Umbo lisipozibwa kabisa, Boolean itakata vibaya au haitakata. Likitokeza nje ya mbao, utaona mwanya kati ya maji na ubavu.