Kondakta au Johnny Cash? Jibu la mpuliza tarumbeta mstaafu

Mleta mada ameuliza: kati ya zile sehemu mbili za Columbo, tamthilia ya Kimarekani ya mpelelezi wa polisi, zinazohusu wanamuziki, ile ya kondakta wa okestra (siyo kondakta wa daladala, jamani) ya mwaka 1972 na ile ya mwimbaji wa Kimarekani Johnny Cash ya 1974, ipi kali zaidi? Akaongeza kwamba ya kwanza ilimchosha kwa sababu steringi wake anapunga mikono kama anafukuza nzi. Nimesoma waliochangia juu yangu, na karibu wote wamempa kura Johnny Cash. Mimi siko upande wao. Nimepuliza tarumbeta kwenye bendi za dansi miaka kumi na saba kabla meno hayajanisaliti, kwa hiyo nivumilieni, nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka apite.

Huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, wenzetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini. Columbo nilikutana naye kwenye kanda za video ambazo binamu yangu alirudi nazo kutoka Maskati, boksi zima, nusu yake zikiwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino hata hazisomeki. Tulikuwa tunatazama mchana, kwa sababu usiku ndio kazi yetu. Fikiria bendi nzima, watu tisa, mmepangana kwenye mkeka mnatazama muvi ya mwanamuziki anayeua mtu. Kelele zilizokuwapo pale huwezi kuzisikia kwenye sinema yoyote.

Kwa ambao hamjaiona, msiogope kuharibiwa utamu. Kwenye Columbo, muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa, akifanya kazi yake hatua kwa hatua. Kinachobaki ni kumtazama Peter Falk, ndiye Columbo mwenyewe, na koti lake la mvua lililokunjamana akimrudia rudia mtu yule kama anayedai deni dogo.

Ile ya kondakta inaitwa Étude in Black, ilirushwa Septemba 17, 1972. Alex Benedict, anayeigizwa na John Cassavetes, rafiki wa Falk hata nje ya kamera, ni kiongozi wa okestra kubwa Los Angeles. Ana mke mpole, Janice, na ana mchepuko, mpiga piano Jennifer Welles. Jennifer amechoka kufichwa, anataka mambo yawekwe hadharani. Basi jioni ya onyesho pale Hollywood Bowl, uwanja wa wazi unaoingiza zaidi ya watu 17,000, jamaa anachomoka kwa siri, analichukua gari lake gereji alikokuwa amelipeleka kutengenezwa, anakwenda kwa Jennifer, anampiga kichwani, anamweka jikoni na kufungulia gesi ya oveni, anaacha barua ya kujiua kwenye taipureta, anarudi kuongoza muziki. Tatizo ni moja: lile ua analochomeka kifuani limedondoka kule kule.

Wengi mnasema alimuua ili kulinda ndoa yake. Hapana. Mtazameni mama mkwe, Lizzie Fielding, anayeigizwa na Myrna Loy. Huyo ndiye mwenyekiti wa bodi ya okestra. Mke akiondoka, mama mkwe anaondoka, na mama mkwe akiondoka, okestra inaondoka. Sisi pale mkekani tulimtambua mara tu alipofungua mdomo. Mpiga besi wetu alisema, "Si huyu hapa mwenye vyombo!"

Kwa vijana ambao hamkuyaona maisha ya dansi: bendi ya Kitanzania ilikuwa mara chache sana mali ya wanamuziki wake. NUTA Jazz mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilipoanza 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikaja kuchukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, ndipo ikapata zile herufi DDC. Na nyingine zilikuwa za mfanyabiashara mmoja tu. Gitaa, ampli, maikrofoni, mpaka suruali ya sare uliyovaa, vyote ni vya mtu. Wewe chako ni pumzi na vidole. Ndiyo maana wanamuziki walikuwa wanahama hama kila msimu, na ndiyo maana neno "mwenye vyombo" likitajwa jukwaani watu hupunguza sauti.

Mwenye vyombo wetu mmoja, simtaji, alimweka shemeji yake mlangoni kukusanya viingilio. Mpiga solo wetu akagombana na huyo shemeji kuhusu hesabu ya watu walioingia. Yeye alikuwa amehesabu kutoka jukwaani, mameza yote, hata waliosimama kaunta. Jumamosi iliyofuata tulikuta kufuli. Vyombo ndani, sisi nje, na gari la matangazo limeshazunguka mtaa mzima tangu asubuhi. Hakuna aliyeuawa. Ila mpiga solo alikaa kwenye ngazi za ukumbi mpaka saa sita usiku, vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza nyuzi ambazo hazipo, huku wateja wakimpita na kuuliza muziki unaanza saa ngapi. Uso ule niliuona tena kwa Cassavetes kila anaposimama mbele ya mama mkwe: tabasamu liko mdomoni, macho yako kwingine kabisa.

Sasa kuhusu mikono. Mleta mada uko sahihi, jamaa hawezi kuongoza. Pigo limeshapita, mkono ndiyo kwanza unashuka. Mwalimu yeyote wa kwaya ya mtaani angemshusha. Lakini kwangu hilo si kosa kubwa la episodi hii. Kosa kubwa ni ua.

Columbo anamkamatia pale: kwenye mkanda wa televisheni wa onyesho lile Benedict anaonekana akiongoza bila ua kifuani, halafu baadaye usiku, akitoka nyumbani kwa marehemu, anaonekana analo. Kwa hiyo aliliokota mle ndani. Ushahidi mzuri, safi kabisa. Ila hebu fikiria: okestra nzima imekaa ikimtazama yeye. Kazi yao ni kumtazama yeye! Anavaa ua kila onyesho, leo hana, na hakuna hata mpiga fidla mmoja aliyemgusa mwenzake kiwiko? Haiwezekani. Kwetu mpuliza saksafoni alirudi kutoka mapumziko bila tai ya sare, dakika tatu tu, na kabla wimbo wa kwanza haujafika kwenye chorasi jukwaa zima lilikuwa limeshajua tai iko kwa nani. Kiongozi alimpiga faini huku anaimba, kwa kumnyooshea vidole viwili. Wanamuziki wanaonana. Columbo angekwenda tu kwa watu wa viti vya nyuma, akawanunulia chakula, kesi ingekwisha kabla ya kufika kituo cha televisheni.

Dalili nyingine nazipita haraka. Barua kwenye taipureta haikukaa sawa na mashine, hiyo ni nzuri. Kasuku aliyekufa kwa gesi, hiyo pia nzuri, maana mtu anayempenda ndege wake hamwachi afe naye. Ile ya mita ya gari kuongezeka maili wakati gari liko gereji ilituangusha chini kwa kicheko. Hapa kwetu ushahidi huo usingesimama mahakamani hata kidogo. Gari likilala gereji lazima maili ziongezeke, fundi amekwenda nalo harusini.

Na mshukiwa wa kwanza ni nani? Paul Rifkin, mpiga tarumbeta. Siku zote ni sisi.

Tuje kwa Johnny Cash. Swan Song, Machi 3, 1974. Dairekta wake ni Nicholas Colasanto, yule yule wa Étude in Black, kwa hiyo mkiona zinafanana mjue si bahati mbaya. Cash ni Tommy Brown, mwimbaji wa injili aliyewahi kufungwa. Mkewe Edna (Ida Lupino) ndiye aliyemtoa jela, na sasa anachukua karibu kila senti ya maonyesho kujengea hekalu la huduma yake. Mwenye vyombo tena! Safari hii amevaa msalaba. Tommy anamwekea dawa ya usingizi kwenye chupa ya kahawa, anarusha kindege chake usiku kutoka Bakersfield kwenda Los Angeles, anaruka kwa parachuti aliyojitengenezea mwenyewe, ndege inaanguka milimani, yeye anavunjika mguu na kuwaambia watu Mungu amemnusuru.

Muziki humu hauna mjadala. Cash haigizi kuimba, anaimba. Anapopiga I Saw the Light ya Hank Williams, kitu cha zamani kabisa, mpiga tumba wetu aliacha kula.

Na dalili ya gitaa ni ya mtu anayewajua wanamuziki. Kwenye mabaki ya ndege hakuna gitaa, wakati lile gitaa kwa kawaida haliachani naye. Nilipoona hivyo nilisema huyu amekwisha, na nitawaambia kwa nini. Tulikuwa tunatoka Tanga kwa basi, konda akataka boksi la tarumbeta langu lipande juu kwenye keria pamoja na magunia ya machungwa. Nilikataa. Akasema basi lilipie kiti. Nililipia. Nauli mbili, mfukoni sikubakiwa hata na ya maji, na nikalipakata njia nzima mpaka miguu ikafa ganzi wakati kiti nilicholilipia amekaa mama mmoja na kuku wake, kwa sababu niliona aibu kumwambia asimame. Mwanamuziki anayelitenga gitaa lake na chombo anachosafiria anajua kitu kuhusu chombo hicho. Aliyeandika hilo amekaa na watu wa muziki.

Kwa nini basi simpi kura?

Kwa sababu ya Maryann. Naona wengi mmeandika juu hapo kwamba mlimwonea huruma Tommy, mke katili, amembana, na kadhalika. Jamani, kumbukeni alichombania. Maryann Cobb, binti wa kwenye kwaya, alikuwa na miaka kumi na sita Tommy alipolala naye. Edna analijua hilo, na badala ya kwenda kwa sheria analigeuza kuwa kamba ya kumfungia mbuzi wake wa maziwa. Halafu Maryann naye alikuwa ndani ya ndege ile. Alikunywa kahawa ile ile. Kwa hiyo huyu bwana hakumuua mke mkali tu, alimuua pia mtoto ambaye yeye ndiye aliyemkosea. Na mwisho, ndani ya gari milimani, Columbo anamwambia kwa upole kwamba mtu anayeimba vile hawezi kuwa mbaya moja kwa moja. Watu wanalipenda sana neno hilo. Mimi linanikera kila nikilisikia. Nimefanya kazi na watu waliokuwa wakiimba mpaka wazee wanalia, na ambao usingewaachia bintiyo awaletee chai jukwaani. Sauti ni sauti. Bendi zetu zililindwa na sauti kama hizo miaka mingi, kila mtu akijua, na kiongozi akisema "tumwache, ndiye anayejaza ukumbi."

Étude in Black haifanyi hivyo. Benedict anaongoza vizuri au vibaya, hakuna anayemsamehe kwa sababu ya muziki. Mwisho wake unategemea Janice, mke mpole ambaye muda wote mlimwona kama pambo. Anapewa nafasi ya kumwokoa kwa uongo mdogo tu kuhusu ua, na hasemi uongo huo. Blythe Danner hafanyi kitu kikubwa pale, anamtazama tu mumewe, na pale mkekani kwetu, kwa mara ya kwanza mchana ule, hakuna aliyepiga kelele. Mpiga solo ndiye aliyenyanyuka kwanza, akaenda kuosha uso.

Ndefu, nakubali. Inapita saa moja na nusu na kuna mahali unaweza kwenda kununua mkaa ukarudi usikose kitu. Lakini kura yangu iko pale, na ile mikono yake mibovu naichukua nayo. Swan Song itazameni kwa ajili ya nyimbo.

Aliyeuliza kuhusu ile ya 2001 ya mtunzi wa muziki wa filamu, Murder with Too Many Notes: wazo zuri, mkubwa anameza kazi za kijana wake na kuweka jina lake, jambo ambalo hata huku mnalijua, ila Falk alikuwa ameshazeeka na episodi inakwenda kwa mkongojo. Na yule aliyetaja mbwa wa Columbo, ndiyo, uko sahihi: mara ya kwanza kabisa yule mbwa kuonekana ni humu humu kwenye Étude in Black, Columbo amempeleka kwa daktari wa mifugo na hata jina hajampa.