Bata bukini mmoja anatosha

Kila nikisema nafuga bata bukini pamoja na kuku huku Ruai, naulizwa swali lile lile: kwani huyo atapigana na mwewe? Hapigani. Ukimnunua kwa matumaini hayo, umetupa pesa. Kazi yake ni kuona mapema na kupiga kelele.

Na mwewe wa Nairobi hana haya. Siku nzima yuko juu ya jalala, lakini kifaranga akikaa wazi hamwachi. Mtazame bata bukini mwewe anapopita. Kichwa anakilaza upande, jicho moja linafuata angani, shingo imekauka. Hata majani aliyokuwa anatafuna yananing'inia mdomoni. Halafu analipuka kwa kelele, na kuku wote, hata yule aliyekuwa anaoga vumbi, wanajitoma chini ya michongoma. Kuku wangu wanaiheshimu sauti hiyo kuliko ya jogoo, ambaye kusema kweli hushtukia hata mfuko wa plastiki.

Nguchiro na paka humkwepa, maana ndege wa kilo tano hivi anayekujia ameinamisha shingo, mabawa wazi, akifoka, si wa kuchezewa. Mbwa koko ni habari nyingine. Wakiingia wawili watatu, bata bukini ndiye atakayeliwa wa kwanza. Kwa hiyo ua uwe imara, na giza likiingia kila mwenye manyoya alale ndani, komeo limefungwa.

Wengi hununua dume na jike kwa tamaa ya vifaranga. Shida ni kwamba hao wawili hushikamana wao kwa wao, kuku wakawa hawawahusu. Jike akianza kutaga ndipo balaa: dume haruhusu kuku hata kupita karibu na kiota, na kuatamia huchukua siku 28 hadi 30 au zaidi. Ushauri wangu: nunua bata bukini mmoja tu, jike, umlete angali mdogo sana akue katikati ya kuku awajue kuwa ndio jamaa zake. Jinsia ya kifaranga huwezi kuitambua kwa kumtazama tu, basi mwambie muuzaji ampime mbele yako.

Kwenye chakula usikurupuke. Kifaranga wa bata bukini anahitaji niasini (vitamini B3) zaidi ya kifaranga wa kuku, na akiikosa miguu hulegea. Agroveti wana vitamini za kuchanganya na maji. Hakikisha niasini imo. Soma pia lebo ya gunia, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzuia kuhara damu zinazotiwa kwenye chakula cha kuku zaweza kumdhuru. Akishakomaa gharama hupungua sana. Nyasi ya kikuyu uani ndiyo ugali wake, na mabaki ya sukuma wiki hayakatai.

Bwawa si lazima. Anachohitaji ni beseni lenye kina cha kuzamisha kichwa chote asafishe macho na pua. Atayamwaga maji, hilo hulizuii, na sisi tunaonunua maji kwa lori tunaumia. Beseni langu liko juu ya kokoto, mbali na banda, maji yakitiririkia migombani. Tope likikaa karibu na banda, kuhara damu hakutawakosa kuku. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle unaoua kuku) nayo usiiruke, kwani bata bukini aweza kubeba virusi vyake bila kuonyesha dalili.

Ukiwa kwenye ploti ya nyumba za kupanga, wazo hili liache kabisa. Kanuni za kudhibiti kelele zipo nchini tangu 2009, lakini kabla ya kanuni kuna jirani. Mimi humpelekea mama wa upande wa pili mayai kila kuku wakitaga vizuri. Siku akija kulalamika kuhusu makelele ya usiku, humwomba radhi, kisha naenda kukagua ua wa upande wake. Mara nyingi nakuta mbwa wamechimba.