Funika lebo kwanza: kuonja skochi za bei tofauti ukiwa Dodoma

Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya mdogo wake mke wangu hapa hapa Dodoma, na kwa vile mi ndo huwa najifanya najua vinywaji nikapewa kazi ya kuchagua wiski za meza kuu. Nikaambiwa "shemeji, chukua kitu cha heshima." Nikachukua. Mizinga miwili ya bei mbaya, ikakaa mezani inang'aa, halafu watu wakaichanganya na soda kwenye glasi za plastiki, na mwenyekiti wa kamati akanisogelea akaniuliza kimya kimya, hivi hii na ile ya elfu 50 tofauti yake nini hasa? Nikampa majibu marefu ya kisomi pale, ila kiukweli nilikuwa sijui. Nilikuwa najua bei tu.

Swali likanikaa. Nikaanza kununua kidogo kidogo, mwisho wa mwezi huu chupa, mwezi ujao chupa, mpaka nikawa na tano: Red Label, Black Label, Chivas Regal 12, Glenfiddich 12 na Glenfiddich 18. Hiyo ya mwisho ilinitoka laki 3 na kitu (nyumbani nilisema laki na nusu, tusifike huko).

Sasa kabla ya kuonja jua kwanza unalipia nini, maana hapa ndo watu wengi tunapigwa. Kisheria skochi, yani wiski ya Uskoti, lazima itengenezwe huko huko, ikae kwenye mapipa ya mwaloni kule kule sio chini ya miaka 3, na isiwe chini ya 40%. Konyagi yetu ni 35%, kwa hiyo ukiona skochi inakuchoma pua zaidi usishangae. Iliyoandikwa Single Malt imetoka kiwanda kimoja na imepikwa kwa kimea cha shayiri peke yake. Kimea unakijua, ni mambo yale yale ya bibi kuotesha mtama au uwele na kuuanika kwa ajili ya pombe, wao wanafanya kwa shayiri, halafu wanakeneka kwenye mitungi mikubwa ya shaba. Iliyoandikwa Blended ni hiyo ya kimea imechanganywa na wiski ya ngano au mahindi inayotoka kwenye mitambo mirefu kama mnara, inayofanya kazi mfululizo bila kusimama, kwa hiyo ni rahisi kuzalisha kwa wingi. Red, Black, Chivas, zote ni mchanganyiko. Na Blue Label yenyewe, ile ya wakubwa, nayo ni mchanganyiko na haina namba ya miaka kwenye lebo, wakati Black imeandikwa 12. Watu huwa wanabisha hapo mpaka waishike chupa wasome.

Namba ya miaka ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani, sio wastani. Na miaka ina gharama ya kweli kabisa, maana pipa likikaa ghalani wiski inapungua yenyewe kwa kuvukiza kama 2% kila mwaka, wenyewe wanaita fungu la malaika. Piga hesabu, miaka 18 ikiisha pipa limebaki na kama 70% tu ya walichoweka, na miaka yote hiyo mtu kafunga hela yake mle ndani. Hapo hela yako inaenda mahali pa haki. Nyingine inaenda kwenye boksi, matangazo, meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, halafu VAT 18% inakaa juu ya vyote, na hivyo vyote ulimi hauvionji.

Nikaita watu Jumamosi jioni pale kwangu Ilazo. Shemeji, dada mmoja tunafanya naye kazi, na mzee jirani yangu, Mgogo wa Bahi, mstaafu, mtu ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kununua wiski hata bapa. Mke wangu hanywi kwa hiyo yeye ndo akawa refa: akamimina jikoni, akabandika namba chini ya glasi kwa selotepu, na orodha akaiweka kwenye simu yake. Glasi sita. Chupa ni tano lakini nilimwambia mojawapo airudie bila kutuambia ipi. Ukifanya jambo hili nyumbani usiache huo mtego wa kurudia, ntakwambia kwanini.

Ile Jumamosi ya kwanza kwanza ilikufa. Sababu mbili na zote za Dodoma.

Ya kwanza joto. Vitabu vya wazungu vinasema wiski inywewe kwenye joto la chumba. Chumba kipi? Chumba cha Uskoti mtu kakaa na sweta. Sebule yangu mwezi wa kumi saa kumi na mbili jioni bado iko juu ya nyuzi 30, ukimimina tu pombe inapanda yenyewe, ukisogeza pua unapigwa kofi hunusi kitu kingine. Siku hizi naweka chupa kwenye friji la kawaida kama robo saa kabla, sio friza, ikiwa ya baridi sana harufu inalala na hapo utakuwa umenunua harufu usiyoipata.

Ya pili maji. Wadau wa Dodoma mnajua visima vya huku, chai yenyewe inakuambia kuna chumvi. Mi nikatumia maji ya bomba kuzimulia na barafu nayo nilikuwa nimegandisha ya bomba, na kila glasi ikaja na ladha ile ile ya chumvi kwa mbali, ya elfu 50 na ya laki 3 zote sawa. Maji ya chupa, tafadhali. Na usiogope kuweka maji, kuna watu wanaona ni dhambi. Wale wataalamu wanaochanganya wiski viwandani kwa kawaida wananusa ikiwa imezimuliwa mpaka kama 20%, yani ukiwa na ya 40% ni nusu kwa nusu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Uswidi walifanya majaribio ya kompyuta wakaonyesha kwamba ukizimua, chembe ya gwayakoli, ambayo inabeba harufu ya moshi, inasogea juu karibu na uso wa kinywaji ambako pua yako iko. Kwa hiyo onja kavu kidogo kwanza, halafu ongeza maji kijiko kwa kijiko.

Jumamosi iliyofuata tukarudia vizuri. Glasi zikawa za mvinyo, maana Dodoma nyumba gani haina glasi za mvinyo, na mdomo wake mwembamba unakusanya harufu kuliko ile glasi pana ya kwenye filamu. Hakuna pafyumu, hakuna udi sebuleni, nyama choma ikasubiri mpaka tumalize. Kila glasi mililita 20 hivi, sio toti nzima, glasi sita za toti nzima utajikuta unasifia mpaka maji ya kunawa. Kunusa ni mdomo wazi kidogo, glasi unaipitisha chini ya pua, usivute kama unavuta mafua.

Matokeo sasa. Mimi, mtaalamu, mnunuzi wa meza kuu, glasi namba 2 niliipa 8 nikaandika "laini, ina moshi kidogo, ya bei hii". Glasi namba 6 niliipa 5 nikaandika "ya kawaida". Zilikuwa chupa moja. Black Label zote mbili. Ile ya miaka 18 ikawa ya tatu kwangu. Shemeji akacheka mpaka akatoka nje.

Mzee jirani hakuandika maksi yoyote. Alinusa zote taratibu, halafu akazitoa glasi mbili kwenye mstari akaziweka pembeni pamoja, 2 na 6, akasema "hizi mama yao mmoja." Tukamuuliza mzee umejuaje. Kumbe miaka yote ya nyuma alikuwa anazunguka Manyoni na Itigi kununua asali, na huko watu wanakuchanganyia na sukari iliyochemshwa, usipokuwa na pua unarudi na madebe ya shira. Akatuonyesha, anadondosha tone kiganjani, anasugua viganja, anasubiri mpaka ukali uondoke ndo ananusa. Nilikuja kukuta baadaye kwamba hata wanywaji wa wiski wanaofuatilia haya mambo wanafanya hivyo hivyo. Ukisugua pombe inaondoka, kinachobaki ni nafaka na pipa, na hapo Red Label inabaki na harufu changa ya nafaka mbichi wakati ile ya 18 inabaki na tende na zabibu kavu.

Ndo maana nasisitiza mtego. Kama huna chupa tano, chukua mbili tu ya bei ndogo na ya bei kubwa, mtu akumiminie glasi tatu, mbili zifanane moja iwe tofauti, we itafute iliyo tofauti. Kwa kubahatisha una nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo kupata mara moja hakukufanyi bingwa. Pata mara tatu mfululizo, hiyo kwa bahati ni 1 kati ya 27, hapo ndo useme ulimi wako unaiona tofauti unayoilipia. Ukishindwa, shukuru, umeokoa hela ya ada.

Kwa maoni yangu baada ya kurudia huu mchezo mara kadhaa, ngazi ya chini (Red, Grant's, J&B, Ballantine's Finest) mnaionea bure. Inachoma na inaisha haraka mdomoni, ndio, lakini ukiweka soda na barafu kuna raha yake na hakuna aliyekukataza. Kosa ni kuchukua ya miaka 18 ukaizamisha kwenye soda. Ngazi inayofuata, Black na Chivas 12, hapa ndo kuna kuruka kukubwa kuliko kote, karibu kila niliyemmiminia ameiona tofauti hata wasiokunywa mara kwa mara. Chivas ni asali asali, Black ina moshi kwa mbali.

Ukipanda kwenye singo malti za miaka 12 bei inaongezeka lakini usitegemee "bora zaidi", tegemea tabia. Glenfiddich inanukia peasi mbichi. Zilizokaa kwenye mapipa yaliyokuwa na bourbon, wiski ya Marekani, zinakuja na vanila, zilizokaa kwenye mapipa ya sherry, mvinyo mkali wa Uhispania, zinakuja na matunda makavu kama keki ya Krismasi. Halafu kuna wale wa visiwani, Talisker ya Skye na Laphroaig ya Islay. Laphroaig wanakausha kimea kwa moshi wa peati, udongo wa kinamasi wanaoukata na kuuchoma kama kuni, na harufu yake dada wa ofisini alisema ni Dettol kwenye jiko la kuni. Mi naipenda sana, yeye hataki hata kuiona. Hizo usinunue mzinga kabla hujaonja toti moja baa, nakuomba.

Miaka 18 kwenda juu ni nzuri, sibishi, ladha inakaa mdomoni dakika nzima baada ya kumeza. Lakini shemeji hakuiona, na mimi mara ya kwanza sikuiona. Na rangi isikudanganye, sheria inawaruhusu kuweka rangi ya karameli, kwa hiyo weusi wa kinywaji sio umri.

Kitu kingine, feki. Niliwahi kuuziwa Black sehemu moja bei ikiwa chini kwa elfu 30 nzima, nikajiona mjanja, kufungua inanuka thina. Tangu hapo naskani stempu ya TRA kwa ile programu ya Hakiki Stempu kabla sijatoa hela, na chupa tupu siachi nzima, mana wanaozitafuta kwenye kumbi za harusi sio wote wanaoenda kuwekea mafuta ya taa. Na nyumbani ihifadhi imesimama, sio kulala kama mvinyo wa hapa, pombe kali inakula kizibo.

Ila kwenye hilo la chupa kuna moja ilinishinda. Ile ya Glenfiddich 18 ilipoisha mzee jirani akaja kuiomba, anataka kuwekea asali. Nikamwambia sawa mzee wangu, ngoja nibandue lebo kwanza kwa usalama. Akaikumbatia chupa kabisa. "Lebo ndo nnayoitaka mwanangu, hii asali nampelekea mkwe."